Mhimili wa Tarehe Unaokataa Kutii: Mwongozo Kamili wa Kupanga Mihimili ya Grafu za Muda Kwenye Excel

Wanaochora grafu za bei, mvua, mauzo au wagonjwa wa kila mwezi hukwama karibu wote mahali pamoja: mhimili wa chini. Tarehe zinajipanga ovyo, miezi mingine inajirudia, mingine inatoweka, au unatokea mwaka 1900 ambao hakuna aliyeuandika. Mtu huanza kubofya kila kitufe cha kidirisha cha mipangilio, mwishowe anakata tamaa na kuandika majina ya miezi kwa mkono.

Kosa mara nyingi halipo kwenye mhimili. Lipo kwenye safu ya tarehe, na ndiyo maana hatua ya kwanza hapa ni ndefu kuliko zote. Tafadhali usiiruke.

Mfano tutakaoutumia ni bei kikomo za mafuta zinazotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji nchini Tanzania, ambazo kwa kawaida huanza kutumika Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Nimeuchagua kwa sababu una karibu kila mtego wa data za muda.

## Utakachohitaji

- Excel ya kompyuta, toleo la 2016 au jipya zaidi. Maelezo haya yanafuata menyu za Kiingereza kwa sababu ndizo zilizo kwenye mashine nyingi za ofisini.
- Jedwali lenye safu mbili: A ni tarehe, B ni thamani. Kila kipimo kikae kwenye mstari wake, usiache mistari mitupu katikati, wala usiunganishe seli.
- Faili asili ulilolipokea, likiwa limehifadhiwa pembeni bila kuguswa. Utalihitaji tarehe zikiharibika.
- Jibu la swali hili: thamani zako hubadilika polepole kila siku, au hukaa palepale hadi tangazo jipya? Litatumika kwenye hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Hakikisha tarehe ni tarehe

Ndani ya Excel, tarehe ni namba ya siku zinazohesabiwa kuanzia 1 Januari 1900. Tarehe 1 Januari 2024 ni 45292, na 31 Desemba 2024 ni 45657. Hayo unayoyaona kwenye seli ni vazi tu la namba hiyo. Ikiwa seli ina maandishi yanayofanana na tarehe, Excel haina namba ya kupima, na mhimili hautaweza kujua kuwa Februari iko mbali kiasi gani na Januari.

Kipimo cha kwanza. Kwenye seli ya C2 andika `=ISNUMBER(A2)` na uivute hadi chini. Kila mstari useme TRUE. Penye FALSE pana maandishi. Hata kwa macho utayatambua: usipobadilisha mpangilio wa seli mwenyewe, maandishi huegemea kushoto mwa seli na tarehe huegemea kulia.

Kipimo cha pili, ambacho wengi hawakifanyi. TRUE haitoshi. Kompyuta nyingi huja na mpangilio wa Marekani, unaosoma mwezi kwanza kisha siku. Sasa tazama Jumatano za kwanza za mwaka 2024 zilivyoandikwa kwa mtindo wetu: 3/1, 7/2, 6/3, 3/4, 1/5, 5/6, 3/7, 7/8, 4/9, 2/10, 6/11, 4/12.

Jumatano ya kwanza haiwezi kuzidi tarehe 7. Kwa hiyo kila moja ya tarehe hizi inasomeka pia kama mwezi halali, na Excel itazigeuza zote kimyakimya. Bei ya 3 Januari itahamia 1 Machi, ya 2 Oktoba itakwenda 10 Februari, na ya 4 Desemba itakuwa 12 Aprili. Grafu itachorwa vizuri tu, bila onyo lolote, ila mwaka mzima utakuwa umebanwa kati ya 5 Januari na 8 Julai, Machi ikiwa na bei tatu na Septemba haina hata moja.

Dawa ni kuuliza siku ya wiki. Kwenye D2 andika `=WEEKDAY(A2,2)`. Fomula hii huhesabu Jumatatu kuwa 1, hivyo Jumatano ni 3. Safu nzima ikisema 3, uko salama. Ukiona namba nyingine, kama 5 au 1, siku na mwezi vimebadilishana nafasi.

Data za Kenya hujifichua kwa njia nyingine. EPRA, mamlaka ya nishati na mafuta ya huko, hutangaza bei tarehe 14 na zinaanza kutumika tarehe 15. Kwa kuwa hakuna mwezi wa 15, mashine yenye mpangilio wa Marekani itashindwa kuisoma 15/1/2024 na kuiacha kama maandishi, kisha ISNUMBER itakwambia FALSE. Ni afadhali kosa la namna hiyo, kwa kuwa linaonekana.

Hatari zaidi ni data za kila siku: tarehe 1 hadi 12 zinageuzwa, 13 hadi 31 zinabaki maandishi, na safu moja inakuwa na makosa mawili tofauti.

Namna ya kurekebisha:

1. *Zote ni maandishi.* Chagua safu A, nenda Data, kisha Text to Columns. Bofya Next mara mbili. Kwenye ukurasa wa tatu chagua Date, weka DMY, maliza kwa Finish.
2. *Zote ni tarehe lakini zimegeuzwa.* Text to Columns haitasaidia kwa sababu tayari ni namba. Tumia safu mpya: `=DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2))`, kisha nakili na ubandike kama thamani.
3. *Mchanganyiko wa zote mbili.* Usijaribu kuzichambua moja moja. Funga, badilisha mpangilio wa tarehe wa Windows uwe siku/mwezi/mwaka, kisha fungua upya faili asili.
4. *Miezi imeandikwa kwa Kiswahili*, kama "6 Machi 2024". Excel yenye mpangilio wa Kiingereza haiielewi Machi. Bonyeza Ctrl+H, badilisha "Machi" kuwa "March". Seli itageuka tarehe yenyewe papo hapo. Rudia kwa kila mwezi unaoandikwa tofauti.
5. *Bado inagoma.* Maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti huja na nafasi zisizoonekana. Yasafishe kwa `=TRIM(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160),""))`, bandika matokeo kama thamani, kisha rudi kwenye namba 1.

Ukiingiza tarehe mwenyewe, andika 2024-01-03. Mwaka ukitangulia, Excel haina nafasi ya kukosea, hata kwenye kompyuta ya mwenzako.

Umefaulu ikiwa: safu C yote ni TRUE, safu D yote ni 3 (au siku unayoitarajia), na tarehe zimepangwa kutoka ya zamani hadi mpya.

## Hatua ya 2: Chagua aina sahihi ya grafu

Chagua safu A na B, nenda Insert, chukua grafu ya mstari, yaani Line. Kwa data za siku, wiki, mwezi au mwaka, hii ndiyo yenye mhimili unaoelewa kalenda.

Grafu ya Scatter iache kwa vipimo vya ndani ya siku moja, kama joto la kila saa. Mhimili wa tarehe wa grafu ya mstari haugawanyi siku. Vipimo vyote vya siku moja utavikuta vimerundikana juu ya nukta moja. Kwenye Scatter siku moja ni 1, muda wa saa sita ni 0.25, muda wa saa moja ni 1/24.

Onyo: ikiwa safu A ina miaka mitupu (2019, 2020, 2021), Excel huichukulia kuwa data na kuichora kama mstari wa pili. Na ukiulazimisha mhimili kuwa wa tarehe, 2020 itasomwa kama siku ya 2,020, yaani 12 Julai 1905. Igeuze iwe tarehe kamili kwa `=DATE(A2,1,1)`.

## Hatua ya 3: Uambie mhimili kuwa ni wa tarehe

Bofya mara moja juu ya lebo za mhimili wa chini, kisha Ctrl+1. Kidirisha cha Format Axis kitafunguka upande wa kulia. Chini ya Axis Options utaona Axis Type yenye chaguo tatu. Usiache ile ya kujichagulia yenyewe. Weka Date axis.

Sababu ni umbali. Text axis hupanga nukta kwa nafasi sawa kama watu kwenye foleni, bila kujali kalenda. Kati ya Jumatano ya kwanza ya Januari 2024 na ya Februari kuna siku 35. Kati ya Februari na Machi kuna 28. Bei ikipanda kwa kiasi kilekile katika vipindi hivyo viwili, kasi si ileile, na mteremko wa mstari unapaswa kuonyesha tofauti hiyo. Mwezi ukikosekana kabisa, tofauti huwa kubwa zaidi: Text axis hulificha pengo, Date axis huliacha wazi.

Hapo chini, Base iweke Days. Excel hujichagulia kipimo hiki kwa kutazama pengo dogo zaidi kati ya tarehe zako, na ikiamua Months, siku 28 na siku 35 zinakuwa sawa tena. Kazi yote ya hatua hii inapotea.

Onyo: ukichagua Date axis ukaona 1/1/1900, 2/1/1900 na kuendelea, maana yake tarehe zako ni maandishi. Excel imekosa namba, ikahesabu 1, 2, 3. Rudi hatua ya 1. Hakuna kitufe kwenye kidirisha hiki kitakachoponya hilo.

## Hatua ya 4: Mipaka, vipimo na lebo

Bounds ni mwanzo na mwisho wa mhimili. Weka Minimum 1 Januari 2024 na Maximum 31 Desemba 2024. Ukianzia 3 Januari, yaani siku ya data ya kwanza, kila alama ya mwezi itaangukia tarehe 3 na msomaji atadhani mwezi unaanzia hapo.

Major ni umbali kati ya lebo. Andika 1 na uchague Months.

Kamwe usiandike siku 30 ukidhani ni mwezi. Anza 1 Januari 2024, ongeza 30: unapata 31 Januari. Ongeza 30 tena: 1 Machi. Lebo zitasomeka Januari, Januari, Machi, na Februari haipo. Hili ndilo chanzo cha ile miezi inayojirudia, na hutokea hata kwa watu wenye uzoefu.

Kwa data za miaka mitano au zaidi, Major iwe mwaka 1 na Minor, yaani alama ndogo za katikati, iwe miezi 3. Lebo chache zinazosomeka ni bora kuliko lebo sitini zilizolala mshazari. Ukijikuta unageuza maandishi ili yaenee, punguza lebo kwanza.

Fungua sehemu ya Number kwenye kidirisha hichohicho, ondoa alama kwenye Linked to source, kisha kwenye Format Code andika unachotaka na ubofye Add:

- `mmm yy` kwa mwaka mmoja au miwili
- `yyyy` kwa miaka mingi
- `d mmm` kwa wiki chache
- `hh:mm` kwa saa. Hapa mm ni dakika kwa sababu imefuata hh. Ikisimama peke yake ni mwezi.

Ukiandikia wasomaji wa Kiswahili, miezi nayo iwe ya Kiswahili. Andika `[$-441]mmm yy`; 441 ni namba ya Windows kwa Kiswahili. Ukiona Mei badala ya May na Ago badala ya Aug, imekubali. Ikibaki ya Kiingereza, tumia `mm/yyyy` na utaje kwenye kichwa cha mhimili kuwa ni mwezi na mwaka. Ni bora kuliko kubandika majina kwa mkono, kwa kuwa majina ya mkono hayasogei data inapoongezeka.

Umefaulu ikiwa: kuna lebo kumi na mbili, kila mwezi umetajwa mara moja, na nukta ya Februari (tarehe 7) iko mbali kidogo na alama ya mwezi wake kuliko nukta ya Januari (tarehe 3).

## Hatua ya 5: Bei hukaa, haitelezi

Hapa ndipo lile swali la mwanzo linapojibiwa. Mstari wa kawaida huunganisha nukta mbili kwa mshazari. Kwa joto au kina cha mto ni sawa. Kwa bei kikomo ni uongo: bei hukaa ilivyo hadi Jumatano nyingine, kisha hubadilika kwa mara moja.

Chukua namba za mfano: 3,000 tarehe 3 Januari na 3,050 tarehe 7 Februari. Mstari wa mshazari unamwambia msomaji kuwa tarehe 20 Januari lita ilikuwa kama 3,024, bei ambayo haikuwahi kutangazwa.

Excel haina grafu ya ngazi iliyo tayari, lakini mhimili wa tarehe unakubali siku moja ijirudie. Andika kila tarehe ya mabadiliko mara mbili, kwanza na bei ya zamani, kisha na mpya:

| Tarehe | Bei |
|---|---|
| 2024-01-03 | 3,000 |
| 2024-02-07 | 3,000 |
| 2024-02-07 | 3,050 |
| 2024-03-06 | 3,050 |
| 2024-03-06 | 2,980 |

Ongeza mstari mmoja mwishoni wenye siku ya mwisho ya kipindi na bei ileile, la sivyo bei ya mwisho itaonekana kama nukta tu.

Mbinu hii hufanya kazi kwenye Date axis pekee. Kwenye Text axis utapata lebo zinazojirudia na mshazari uleule. Ni sawa pia kwa riba ya benki kuu, nauli, ada na mishahara ya kima cha chini.

Umefaulu ikiwa: mstari unakwenda mlalo, unapanda au kushuka wima kabisa kwenye Jumatano husika, kisha unaendelea mlalo.

## Hatua ya 6: Mhimili wa wima

Huu ni rahisi kuupanga, na ni rahisi vilevile kumpotosha mtu nao.

Grafu ya nguzo lazima ianzie sifuri, kwa sababu jicho hupima urefu wa nguzo. Bei ikitoka 3,000 hadi 3,150 imepanda asilimia 5. Ukianzisha mhimili kwenye 2,900, nguzo moja ina urefu wa 100 na nyingine 250; msomaji anaona nguzo ya pili ikiwa ndefu mara mbili na nusu ya ile ya kwanza. Grafu ya mstari inaruhusiwa kuanzia juu ya sifuri, kwa kuwa jicho linafuata mwelekeo, ila namba za mhimili zionekane wazi.

Weka mipaka ya namba zinazohesabika kwa urahisi, mfano 2,800 hadi 3,400, na Major 100. Fomati iwe `#,##0`. Kichwa cha mhimili kitaje kitu na kipimo chake: "Bei kikomo ya rejareja, shilingi kwa lita".

EWURA hutoa bei kwa mafuta yanayopokelewa kupitia bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Ukichora grafu tatu kando kwa kando, mipaka ya wima iwe ileile kwenye zote. Excel ikiachiwa ijipangie, kila grafu itajaza nafasi yake, na tofauti ya shilingi 10 itaonekana sawa na ya shilingi 100.

Kuhusu mhimili wa pili wa upande wa kulia, ushauri wangu ni kuuepuka. Mistari miwili yenye mihimili tofauti inaweza kufanywa ikutane popote mchoraji anapotaka kwa kusogeza mipaka tu. Ukitaka kulinganisha bei ya petroli na thamani ya dola, geuza zote ziwe fahirisi zinazoanzia 100: `=B2/B$2*100`. Mhimili unakuwa mmoja, na msomaji anaona nani amepanda kwa asilimia ngapi.

Data zenye thamani hasi, kama faida na hasara, huziba lebo za tarehe katikati ya mchoro. Bofya mhimili wa chini, fungua Labels, weka Label Position iwe Low.

## Hatua ya 7: Mapengo

Mwezi usio na kipimo si mwezi wa sifuri. Kituo cha mvua kilichoharibika hakikupima ukame. Iache seli tupu, usiandike 0, kisha nenda Chart Design, Select Data, Hidden and Empty Cells, uchague Gaps. Mstari utakatika pale data ilipokatika. Chaguo la kuunganisha litumie tu unapoweza kulitetea mbele ya mtu aliyezipima data hizo.

## Kwa wanaotumia Google Sheets

Kanuni ni zilezile. Anzia File, Settings, Locale, uchague nchi inayoandika siku kwanza kabla hujabandika data. Kwenye kihariri cha chati, sehemu ya mhimili mlalo, hakikisha Treat labels as text haina alama ya vema.

## Mwezi mpya unapoingia

Ukiridhika na grafu, ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Save as Template, ili rangi na fomati zisianze upya kila mara.

Mipaka uliyoiandika kwa mkono haisogei yenyewe. Bei ya Januari 2025 ikiongezwa huku Maximum ikiwa bado 31 Desemba 2024, nukta mpya itaachwa nje ya mchoro bila ujumbe wowote. Vivyo hivyo bei ikivuka 3,400 kwenye mhimili wa wima. Kwa hiyo kila unapoongeza mstari kwenye jedwali, vuta fomula ya WEEKDAY hadi chini uone 3, sogeza Maximum ya tarehe, kisha linganisha thamani kubwa kabisa ya safu B, kwa `=MAX(B:B)`, na mpaka wa juu wa mhimili.